Rundo la Nyuma ya Jiko la Mama Faida

Vijana wa ofisi ya usafi, mmenisumbua. Tangu siku niliyorudisha buti na funguo za depo, hakuna wiki inayopita bila mmoja wenu kubisha mlangoni kwangu: "Mama Ijieni, utuandikie mambo ya zamani." Juzi akaja yule mwenye miwani, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, takataka maana yake nini hasa? Tunataka kuiandika kwenye mafunzo ya wapya." Nilicheka mpaka nikakohoa. Miaka thelathini na miwili nimezunguka Kilibula na mitaa mingine ya Uvira nikigombana na watu juu ya neno hilo hilo moja, leo mnaliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Haya, nitaandika. Lakini nawaambia mapema: kuna rundo moja nililolichoma wakati wa vita ambalo sikupaswa kulichoma. Ndani yake kulikuwa na dawa ya watu waliokuwa wanakufa. Nitafika huko. Msiruke kurasa, maana nawajua.

Siku yangu ya kwanza walinipa buti za mwanamume, namba arobaini na tatu. Mguu wangu ni thelathini na nane. Nilisokomeza vitambaa mbele, nikatembea mji mzima nikiburuta miguu, watoto wakinifuata nyuma wakiimba "Ijieni! Ijieni!" kwa sababu ndiyo neno la Kifaransa la usafi lililoandikwa mgongoni mwa koti langu. Jina likanata. Wanangu wenyewe shuleni waliitwa watoto wa Ijieni, na mpaka leo nikienda sokoni hakuna anayejua jina nililobatizwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sadiki, aliyeanza usafi enzi za Wabelgiji na ambaye hakupenda vitu viwili: nzi na maneno mengi. Alinionyesha kupima klori kwa kijiko, kijiko kwa ndoo, na kufunga bidoni, dumu la dawa, kabla sijafanya kitu kingine chochote. "Ukiacha wazi, kesho utakuwa unapulizia watu maji ya harufu," alisema. Alinionyesha kusafisha mdomo wa pompi ya kupulizia kwa unyoya wa kuku, si kwa msumari. Alinionyesha kuingia uani: unabisha, unasalimia, unaulizia watoto, ndipo unaangalia nyuma ya jiko. Ukianza na nyuma ya jiko umekwisha kuwa adui.

Fomu zetu zilikuja zimechapwa kwa Kifaransa, na pale pa uchafu wa nyumbani waliandika neno refu ambalo hakuna mama hata mmoja wa Kilibula aliyewahi kulitamka. Mzee Sadiki alikuwa analikata kwa kalamu, fomu moja moja, na kuandika juu yake TAKATAKA. Nikamwuliza kwa nini asiandike uchafu tu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini samaki analowa. "Uchafu ni tope kwenye mguu. Unanawa, unaisha. Fujo ni vitu vizuri vimekaa vibaya. Takataka ni ingine. Taka moja iko taka tu. Ukisema mara mbili, taka-taka, ni kwamba imeita wenzake."

Alisema neno lenyewe si la hapa kwetu. Lilikuja na Kiswahili chenyewe kutoka pwani, pamoja na shanga na chumvi na watu wa misafara, likafika ziwani, likakaa. Warundi wa uwanda wa Ruzizi wana lao, wanasema *umwanda*, na Wafuliiru wana lao, lakini ukitaka ugomvi ueleweke na mtaa mzima, lazima useme takataka. Katekista mmoja wa Kilibula alipenda kunitesa na hili: "Mama Ijieni, umeona takataka na takatifu zimekaa jirani kwenye ulimi? Juu ya nini?" Nilimwambia amwulize Mungu, na akimaliza afagie mbele ya kanisa.

Sasa, kanuni. Mzee Sadiki alikuwa nayo moja tu juu ya kuchoma, na nataka mwenye miwani aiandike kwa herufi kubwa: mwenye nyumba ndiye anayetupa ya kwanza. Wewe una kiberiti, una petroli, una buti na koti la serikali, lakini huwashi kitu mpaka mwenye rundo achukue kitu kimoja kwa mkono wake mwenyewe akitupe motoni au shimoni. Akikataa, unaongea naye. Akikataa tena, unarudi kesho. Nilimwambia hiyo ni kupoteza wakati. "Ndiyo," akasema, akaendelea kusafisha pompi.

Na wakati ulipotea, jamani! Msinione nimechakaa hivi mkadhani ni uzee. Baba mmoja alikuwa na baiskeli tatu zisizo na magurudumu, kuku wametagia ndani, mbu wamejaa. "Hii iko takataka, baba." "Takataka? Hii iko spea!" Mama mwingine alinionyesha rundo la chupa, makopo na masufuria yaliyotoboka, akaniambia ni urithi. Kila nyumba, takataka ilikuwa ya jirani. Kwake kulikuwa na vyombo. Niliweza kumaliza asubuhi nzima kwa kopo moja lenye kutu, nikarudi nyumbani nikawapigia kelele watoto wangu ambao hawakukosa kitu.

Kisha vita vikaja. Vya kwanza, halafu vya pili kabla hatujamaliza kuhesabu waliopotea katika vya kwanza. Mzee Sadiki alikuwa amekwisha kufariki, kitandani kwake, kwa uzee, jambo ambalo baadaye lilikuja kuonekana kama bahati. Mishahara tuiache. Kilichobaki cha ofisi kilikuwa mimi, wenzangu wawili waliokuwa wanakuja na kutokuja, pompi moja, na salongo.

Salongo mnaijua, kazi ya mikono ya Jumamosi. Zamani watu walifagia huku wanapiga soga. Wakubwa wapya wenye bunduki waliipenda salongo kuliko mtu yeyote aliyewahi kututawala. Kolera ilipoanza kushika mitaa, maana watu walikuwa wanakunywa maji ya ziwa hivi hivi bila kuchemsha, kuni zenyewe ziko wapi, komanda mmoja akatoa amri: kila nyumba yenye mgonjwa, takataka yote ichomwe, na Mama Ijieni atasindikizwa na askari wawili ili asisumbuliwe. Asisumbuliwe! Mimi niliyesumbuliwa na Kilibula nzima maisha yangu yote bila kuhitaji bunduki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mji mzima ulilijua isipokuwa mimi. Askari walipoingia nyumba kupora, walifungua masanduku. Walipasua magodoro. Walichimba chini ya kitanda na chini ya jiwe la kusagia. Lakini hawakugusa takataka. Nani anataka kuingiza mkono kwenye maganda ya muhogo yaliyooza? Basi watu wakaanza kuhifadhi huko. Redio, vikwembe, yaani vitenge vya sikukuu, diploma za watoto, kila chenye thamani kikawekwa kwenye mfuko, mfuko ukawekwa chini ya rundo nyuma ya jiko, na juu yake ukamwagwa uozo wa kutosha kumkimbiza fisi. Niliona marundo yanakua, nikakasirika. Nilidhani vita vimewafanya watu wazembe. Hakuna aliyeniambia. Nani angemwambia Mama Ijieni?

Mama Faida alikuwa muuguzi, na alikuwa mwanamke msafi kuliko wote niliowahi kuwajua. Uani kwake ungeweza kula ugali chini bila sahani. Tulikuwa marafiki, tuliitana dada. Kituo chake cha afya kilipoporwa, wakachukua vitanda, wakachukua hata vioo vya madirisha, yeye aliwahamishia wagonjwa wawili wa mwisho chumbani kwake. Mmoja alikuwa Kashindi, mvuvi wa pale pale Kilibula, ambaye mke wake na watoto walikuwa wamekimbilia ng'ambo Burundi. Mwingine alikuwa Nyota, msichana aliyeolewa karibuni huko Lubarika, amekimbia uwanda na mimba ya miezi saba. Wote wawili kolera. Nilijua wako mle. Kwa hiyo Jumamosi ile, saa nne za asubuhi, nilianza na nyumba yake.

Nikabisha, nikasalimia, nikaulizia wagonjwa. Nikaangalia nyuma ya jiko, nikatamani kulia. Rundo limefika kiunoni. Maganda, vikapu vilivyopasuka, neti iliyochanika, majivu, magunia yananuka. Kwa Mama Faida!

"Dada," nikamwambia, "hii nini?"

"Iko bitu byangu."

"Bitu gani? Maganda ya muhogo iko bitu?"

"Haiko takataka, dada. Uiache."

Nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo mara elfu kwa watu elfu, na sikutegemea kuisikia kwake. Askari wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu, mmoja anatafuna muwa. Nikampa somo lote, mbele yao: uchafu ni nini, fujo ni nini, takataka ni nini, nzi anatoka wapi anakwenda wapi. Muuguzi! Nilimfundisha muuguzi juu ya nzi. Akanisikiliza. Macho yake yakaenda kwa askari, yakaenda kwenye mlango wa chumba cha wagonjwa, yakarudi kwangu, yakafanya hivyo tena. Punda angeelewa. Mimi niliona mwanamke mkaidi anayepepesa macho kwa moshi.

"Utupe ya kwanza," nikamwambia.

"Situpi."

"Mama Faida!"

"Nimesema situpi." Akaenda akakaa juu ya rundo, na blauzi yake nyeupe ya kazi, katikati ya maganda na majivu.

Askari wakacheka. Yule wa muwa akasema, "Mama, unafanya kazi ao unapiga porojo? Tumwambie komanda umeshindwa na bibi huyu?"

Niandike ukweli. Si woga ulionifanya. Ni aibu, na hasira, na miaka yote ya baiskeli zisizo na magurudumu. Nilimshika Mama Faida mkono, nikamvuta, akaanguka kando. Nikachukua kikapu, nikakitupa mimi mwenyewe, cha kwanza. Nikamwaga petroli, nikawasha kiberiti.

Moto ulipanda vizuri sana. Halafu, katikati, ukalia *pwaaa*, kama umemwagiwa ndoo, moshi mweupe ukatoka, moto ukazimika pale kati huku pembeni unaendelea. Ukalia tena. Na tena. Maji yakaanza kutiririka kutoka chini ya rundo, yakanifikia kwenye buti.

"Ile nini?" akauliza askari.

Niliinama. Niliona plastiki imejikunja, na kipande cha mrija, na maandishi ninayoyajua. Ilikuwa serumu, maji ya kutundika. Mama Faida alikuwa ameweka mikono kichwani.

Mungu anisamehe mengine, lakini uongo ule sijauungama na sitauungama. "Rudini nyuma!" nikapiga kelele. "Maji ya kolera! Maji ya tumbo ya wagonjwa! Imewarukia mabuti!" Nikashika pompi nikawapulizia klori kuanzia magoti kushuka. Yule wa muwa aliutupa muwa. Walitoka uani wakikimbia, na sikuwaona tena siku ile.

Tukapiga magoti wote wawili, tukachakura kwa mikono. Makovu ya viganja vyangu, ambayo mnasemaga ni ya klori, si ya klori. Mifuko ilikuwa kumi na miwili, yote iliyobaki ya kituo. Mitano ilikwisha kupasuka.

"Juu ya nini hukuniambia?" Nilikuwa nalia na kufoka kwa pamoja.

"Ningekuambia na kinywa gani, mbele ya bale askari?"

"Ungenikonyeza!"

"Nimekukonyeza mpaka jicho linauma! Weye unanifundisha nzi!"

Akajifuta uso kwa mkono wenye majivu. Kisha akawa muuguzi tena, akaanza kusema polepole, si kwangu. Nyota hawezi tena kumeza, na yuko na mtoto tumboni. Kashindi anameza bado. "Na kumi na miwili ningegawa," akasema. "Na saba siwezi kugawa." Mifuko yote saba ikaenda kwa Nyota. Kashindi akapewa maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, kwa kijiko.

Kijiko nilikishika mimi. Nilikuja kila siku asubuhi, nikaondoka jioni. Kijiko kimoja, unasubiri, kingine. Kashindi alikuwa mtu wa utani hata macho yakiwa yameingia ndani. "Mama Ijieni," aliniambia siku ya kwanza, "kijiko hiki umekiosha?" Nikamwambia anyamaze, ameze. Siku ya pili aliniuliza kama ni kweli moto ulizimika wenyewe, maana alisikia kelele kupitia ukuta. Nikamwambia kuni zilikuwa mbichi. Siku ya tatu alikuwa anarudisha kila nilichompa. Mama Faida alimshika mshipa, akaangalia ule mlingoti wa kutundikia ambao haukuwa na kitu, akatoka nje. Siku ya nne, jua likiwa bado juu, Kashindi akafariki. Nyota aliishi. Alirudi Lubarika, akazaa, mtoto yule sasa anaendesha pikipiki na hunipita barabarani bila kunisalimia, kama vijana wote.

Mke wa Kashindi, Mama Riziki, alivuka kutoka Burundi siku ya tatu ya matanga. Walimwambia kuna mwanamke aliyekaa na mumewe na kijiko siku zote. Akanitafuta, akanikuta ninafua shuka za marehemu kwenye klori. Akapiga magoti, akanishika mikono yenye vidonda, akasema aksanti. Nikasema, "Aksanti ya nini, dada." Ndicho nilichosema. Nikaendelea kufua.

Kwa hiyo, kijana mwenye miwani, hili ndilo la kuandika. Takataka ni kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukiacha. Si kile kinachonuka, wala kile komanda anachokichukia. Miaka yote iliyobaki ya vita nilitembea na pompi na petroli, nikapita marundo makubwa kuliko lile, na pale mtu aliposema "haiko takataka" nilimwaga klori pembeni, nikaandika "nyumba safi" kwenye rejista, nikaenda zangu. Wakaguzi waliokuja baadaye walishangaa rejista yangu kuwa na nyumba safi nyingi hivyo katika mji uliokuwa unanuka hivyo. Acha washangae. Na nzi je? Nzi nilipambana nao kwa majivu na chokaa, ni kazi zaidi lakini inawezekana, nimewaonyesha wengi wenu.

Sijawahi kulisema jambo la rundo popote. Mama Faida ameshafariki. Lakini kuna mtu mmoja ambaye nisingeweza kuwaachia ninyi mlisome kabla yake. Mama Riziki bado anakaa Kilibula. Tangu vita vilipotulia, kila Bonane, siku ya mwaka mpya, ananiletea bakuli la ndagala kavu, dagaa wa ziwani, anakaa nusu saa, tunaongea mambo ya wajukuu, anakwenda. Kila mwaka ninazila ndagala zile na haziteremki.

Wiki iliyopita nikachukua karatasi hizi, nikaenda kwake. Macho yake hayasomi tena. Alikuwa anachagua mchele. Nikamwambia nimeleta kitu nimeandika, akasema soma. Nikamsomea yote, mpaka pale pa shuka. Hakuinua kichwa. Vidole vilikuwa vinaendelea, jiwe huku, mchele huku. Nilipomaliza, nikangoja.

"Minye nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Yote. Mama Faida aliniambia siku ile ile ya matanga, mbele ya kuja kukutafuta."

Nilihisi kama nimekaa kwenye kiti kisichokuwepo. "Na ukapiga magoti? Na ndagala? Kila mwaka, Mama Riziki, juu ya nini ulikuwa unaniletea ndagala?"

Hapo akaweka ungo chini kwa nguvu, mchele ukaruka. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Juu ya kukupa nafasi, weye mwanamke! Kila Bonane ninasema leo atasema. Ninakaa, ninangoja, unaniuliza mambo ya wajukuu! Mwaka huu, mwaka ule. Ndagala ngapi? Minye sikuwa ninataka kukuhukumu. Nilitaka unihadithie bwana wangu alikufa namna gani, siku nne zile, neno kwa neno, na hakuna mwingine mwenye kujua. Ulizila ndagala, na siku zake za mwisho ukaninyima."

Nikaanza kumhadithia. Kijiko, chumvi, kuni mbichi, jinsi alivyokuwa anapumua. Nilipofika pale alipouliza kama kijiko nimekiosha, Mama Riziki alicheka, cheko la ghafla, akajifunika mdomo na ncha ya kikwembe, akalia ndani yake muda mrefu.

Kisha akainua ungo, akaokota mchele uliomwagika, akanisindikiza mpaka mlangoni.

"Bonane hii," akasema, "ndagala utaleta weye."